Kilele Kilichoachwa

Mji wa Pokhara, ulioko katikati ya nchi ya Nepal kando ya ziwa la Phewa, umejaaliwa jambo ambalo miji mingi ya milimani imenyimwa: mtu aweza kuketi ukingoni mwa maji, mahali pasipofika mita 900 kutoka usawa wa bahari, katikati ya migomba na michungwa na mashamba ya mpunga, na papo hapo akainua macho akaiona milima ya theluji iliyomzidi kwa zaidi ya mita 6,000, nayo iko umbali wa kiasi cha kilomita 30 tu. Aghalabu milima mikubwa ya dunia hujisitiri nyuma ya midogo, na mwenye shauku ya kuitazama sharti aiendee kwa siku nyingi na kwa jasho jingi; lakini hapa, asubuhi ya mwezi wa Oktoba, mvua za msimu zikiisha kuosha mbingu, mlima wenyewe huja mpaka mezani pa chai. Kwa sababu hiyo mtaa wa Baidam, ambao zamani ulikuwa wa wakulima na wavuvi, leo umejaa nyumba za wageni, maduka ya viatu na makoti ya baridi, wauza ramani, na vijana watafutao kazi ya kuongoza wageni au ya kuwabebea mizigo, na watu wa mataifa yote hukutana hapo, hawa wakijitayarisha kwenda kutembea milimani, na wale wakipumzisha miguu iliyokwisha kurudi.

Katika milima hiyo mmoja umechapwa picha yake juu ya fulana, juu ya mabango ya hoteli, na juu ya kila kitu kinachoweza kuuzwa kwa mgeni. Huo ndio Machapuchare, yaani Mkia wa Samaki, kwa kuwa ukitazamwa kutoka upande wa pili kilele chake huonekana kimepasuka mapande mawili. Urefu wake ni mita 6,993, na kwa hesabu ya wapanda milima si kitu cha kustaajabisha, maana jirani yake, Annapurna ya Kwanza, ina mita 8,091, na ndiyo iliyotangulia kukanyagwa na binadamu katika milima yote iliyopita mita 8,000, tarehe 3 Juni 1950, pale Wafaransa Maurice Herzog na Louis Lachenal walipofika juu kisha wakateremshwa chini wakiwa wameungua kwa baridi, hata wakapotelewa na vidole vyao. Machapuchare hauna habari kama hizo. Umesimama mbele ya wenziwe, basi kwa mtu wa mjini huonekana kana kwamba ndio mrefu kuliko yote, na juu yake hapana mtu aliyeruhusiwa kupanda, kwa kuwa wahesabiwa kuwa mtakatifu, maskani ya Shiva, na Wagurung wakaao katika vijiji vya chini yake wameutukuza tangu zamani za mababu.

Suali linalonishughulisha ni hili: mtu asiyeamini kwamba mlima ule ni mtakatifu, je, amewajibika kuuacha? Na akiuacha, huko kuacha kwake ni kitu gani: ni adabu tu, au ni ibada ya namna fulani, au ni unafiki? Muislamu wa pwani, aliyelelewa katika tauhidi na kufunzwa tangu chuoni kwamba jiwe ni jiwe na kwamba hakuna apasaye kuabudiwa ila Mola mmoja, hawezi kutamka kwamba Shiva anakaa juu ya barafu ile pasipo kuikana shahada yake. Wala wenyeji wa Pokhara hawamtaki atamke hivyo. Wanamtaka jambo dogo zaidi, au pengine kubwa zaidi, nalo ni kwamba asikanyage.

Mwaka 1957 Mwingereza mmoja, Jimmy Roberts, afisa katika jeshi la Wagurkha, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa mgeni wa kwanza kuingia katika bonde lile lililozungukwa na milima ya Annapurna pande zote, alileta kundi la watu kuujaribu Machapuchare. Wawili kati yao, Wilfrid Noyce na David Cox, walipanda hata wakabakiwa na kiasi cha mita 45 tu kufika kileleni, ndipo wakageuka wakarudi. Kisa hicho husimuliwa kwa riwaya mbili. Ya kwanza yasema kwamba walikuwa wametoa ahadi ya kutokanyaga kilele chenyewe, nao wakaitimiza. Ya pili yasema kwamba mbele yao palisimama barafu ngumu ya rangi ya samawati, theluji ikaanza kuanguka, na akili ikawashauri wateremke. Yamkini zote mbili ni kweli, kwa maana mtu akiwa na sababu mbili za kurudi hana haja ya kuchagua moja. Lakini kwa mwenye kutafuta maana ya jambo, tofauti yake si ndogo. Imamu Bukhari alifungua mkusanyo wake wa hadithi kwa hadithi ya nia, na mwanafunzi yeyote aliyeketi mbele ya mwalimu wake angeuliza mara moja: walirudi kwa ahadi, au walirudi kwa barafu? Maana mgonjwa asiyeweza kumeza chakula hatuhesabu kuwa amefunga, hata akikaa na njaa tangu alfajiri mpaka magharibi.

Mlima haukuuliza hivyo. Kilele kilibaki bila ya nyayo, na baadaye serikali ikaufunga mlima kabisa, na mambo yakakaa hivyo. Roberts mwenyewe, na hili ndilo linalonifurahisha katika habari zake, mwaka 1964 alianzisha Mountain Travel, kampuni ya kwanza ya kuwachukua wageni matembezini katika milima ya Nepal, hata akaitwa baba wa kazi hiyo, akakaa Pokhara mpaka alipofariki mwaka 1997. Mtu yule yule aliyeongoza safari iliyokiacha kilele ndiye aliyewafungulia maelfu ya watu njia za kufika mguuni pake. Hivi leo katika bonde lile mna nyumba za kulala wageni, kiasi cha mita 3,700 juu, ziitwazo kambi ya Machapuchare, kwa jina lile lile ambalo wapanda milima hulitumia kwa mahali pa kuanzia kupanda; nao ni mlima ambao hapana aanzaye wala amalizaye.

Jibu la kwanza linalomjia mtu ni adabu. Umefika kwa watu, wana lao wanaloliheshimu, nawe waliheshimu kwa ajili yao, kama uvuavyo viatu mlangoni pa mwenyeji wako ijapokuwa huoni najisi yoyote katika soli zake. Ni jibu zuri, na wengi hutosheka nalo, ila mimi naliona lina ufa. Adabu ni haki ya mtu aliyepo na anayeona. Lau ingekuwa ndiyo sababu nzima, basi mtu angeweza kupanda usiku, bila ya taa, bila ya kumwambia mtu, akateremka kabla ya jua, na asiwe amemkosea yeyote. Na ajabu ni kwamba uvumi wa namna hiyo upo: miongoni mwa wapanda milima husemwa kwamba katika miaka ya 1980 mtu mmoja wa New Zealand aliupanda Machapuchare kwa siri. Mimi siuthibitishi uvumi huo wala siukanushi. Lakini kila niliyemsikia akiutaja, hata yule asiye na dini yoyote, huutaja kwa sauti ya mtu anayesimulia wizi. Nini kilichoibwa? Kama hakuna aliyeona, na kama Shiva hakai pale, basi hakuna aliyedhulumiwa, na bado moyo wakataa.

Mtu atasema kwamba ni desturi ya dini zote kuona vilele vya milima kuwa karibu na mbingu, na kwamba sisi nasi tumo. Ni kweli kwa kiasi. Nabii Musa aliambiwa avue viatu vyake katika bonde takatifu la Tuwa, na alipoomba kumwona Mola wake, mlima ulioonyeshwa utukufu huo ulivunjikavunjika, naye akaanguka amezimia. Na Mtume wetu amepokewa akiutaja mlima wa Uhud kwa mapenzi kama mtu amtajavyo sahibu. Ila mwelekeo wetu kwa jumla ni wa kupanda, si wa kuacha. Mahujaji wangapi hawajakwea Jabal al-Nur, magoti yakiwatetemeka, ili wachungulie pango la Hira, hali masheikh wakiwaambia kwamba kupanda huko si katika nguzo za hija wala si katika sunna zake? Kwa hiyo siwezi kujisingizia kwamba naelewa ukimya wa Machapuchare kwa sababu ya dini yangu. Dini yangu yaniambia mlima ni kiumbe, tena kiumbe kinachomsabihi Muumba wake kwa namna nisiyoifahamu, na kwamba heshima yake yatoka huko. Hapo pana kipenyo kidogo cha kupitia, lakini si mlango.

Nilianza kuuona mlango kisiwani. Katikati ya ziwa la Phewa pana hekalu la Tal Barahi, la mungu wa kike wa Kihindu, na siku ya Jumamosi mashua za kasia huvusha watu tangu asubuhi wakiwa na maua, mchele, na jogoo au beberu wa dhabihu. Kuna hekaya juu ya ziwa lile, kwamba mahali pake palikuwa mji, akaja mwombaji akizunguka nyumba hata nyumba, wote wakamfukuza ila mwanamke mmoja aliyemkirimu. Naye mwombaji, ambaye kumbe ni huyo mungu, akamwonya mwenyeji wake ahame, na baada yake maji yakaja yakaumeza mji na wakazi wake. Aliyesoma visa vya manabii hataiona hekaya hiyo kuwa ngeni. Hata mafunzo yake angeweza kuyahutubu msikitini kwa kubadili majina. Lakini hekaya ni hekaya na ibada ni ibada. Mbele ya hekalu nilisimama kando. Sikuweza kupakwa rangi ya baraka kipajini, wala kupokea chakula kilichotolewa kwa sanamu, wala kupiga kengele. Na wale waliokuwa wakiabudu hawakuona vibaya, maana walijua kuwa mimi si wao, nami nilijua. Kwa kadiri tulivyokuwa karibu, ndivyo tulivyotengana.

Kisha nikageuka upande wa kaskazini, na mlima ulikuwa pale, umewekwa wazi na upepo, na mara nikatambua kwamba mbele yake hatukuwa mbalimbali tena. Kuhani wa hekalu lile hajaupanda, nami sijaupanda. Yeye hataupanda kwa sababu zake, nami sitaupanda kwa sababu zangu, na jambo lenyewe, huko kutokukanyaga, ni moja lisilogawanyika. Hatuwezi kuswali pamoja, kwa kuwa swala ina maneno, ina kibla na ina Mwenye kuelekewa; lakini twaweza kujizuia pamoja, kwa kuwa kujizuia hakuna maneno. Watu wamehangaika sana kutafuta ibada moja itakayowakusanya wenye dini mbalimbali, wakatunga dua zisizomtaja yeyote ili zisimuudhi yeyote, na matokeo yake aghalabu ni chakula kisicho chumvi. Mlima huu waonyesha njia nyingine, kwamba wanaotofautiana katika yale wanayoyatenda huweza kupatana katika yale wanayoyaacha.

Sisi watu wa pwani hatukuhitaji kwenda Nepal kujifunza hayo, ijapokuwa mimi ilibidi niende. Kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa, Kilifi na Kwale zimo kaya za Wamijikenda, misitu ambayo wazee waliikataza isikatwe mti wala isiingiwe ovyo, na ambayo mwaka 2008 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Katika Kaya Kinondo mgeni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kupita chini ya miti ile. Waislamu wa vijiji vya jirani, na wengi wao ni Wadigo walio Waislamu tangu vizazi vingi, wamekaa kando ya kaya zao wakijua hasa ni ipi mipaka ya itikadi yao, wengine wakiyakemea matambiko kwa ukali, na hata hivyo shoka halikupita. Pale liliposhinda shoka, katika kaya nyingine, halikuwa la mwenye hoja ya tauhidi. Lilikuwa la mwenye haja ya mbao na kiwanja.

Ni rahisi kwangu kusifu kuacha kilele ambacho mapafu yangu yasingenifikisha hata nusu yake, na msomaji mkali amekwisha kuliona hilo. Basi na tuchukue mfano wa mtu anayelipa. Nepal wako Waislamu wa milimani, kizazi cha wauza bangili waliopanda kutoka bara Hindi karne nyingi zilizopita, na Pokhara wana msikiti wao. Katika nchi hiyo ng'ombe ni mnyama wa taifa, na kumchinja ni kosa la jinai. Waislamu hao huchinja mbuzi siku ya Idd, na mwenye kutaka ng'ombe hampati. Hapo kuacha si hiari, wala hakuna aliyewauliza nia. Siwezi kulisifu jambo hili kwa maneno yale yale niliyousifia mlima, kwani saumu inayofungwa kwa amri ya askari ni njaa tu. Ila nakiri kwamba wameliishi jambo hilo kwa utulivu, na kwamba mtu akiishi na katazo la jirani yake kwa muda mrefu, huenda likawa na maana kwake ambayo sheria haikuiandika.

Lipo jambo zito zaidi. Bonde lile la Annapurna, kabla ya wageni kulizoea, lilikuwa na makatazo mengine fauka ya kilele: nyama na mayai havikupelekwa huko, na wanawake hawakuruhusiwa kuingia, wala watu wa matabaka yaliyohesabiwa kuwa ya chini wasiogusika. Utakatifu ule ule uliokilinda kilele uliwafungia watu mlango kwa sababu ya kuzaliwa kwao. Makatazo hayo juu ya watu yamekwisha, leo wanawake hulipita bonde lile kwa mamia na wengine ndio wanaoongoza misafara, na mimi sina machozi ya kuyalilia. Wapo watakaosema kwamba nimejichagulia, nashika mwiko unaonipendeza na kuutupa unaoniudhi. Sivyo. Mwiko wa bonde uliwagawa watu, huyu apite na yule asipite, na aliyepita alijiona msafi kwa sababu mwenziwe amezuiwa. Mwiko wa kilele haumgawi mtu. Mahendra, aliyekuwa mfalme wa Nepal mwaka 1957, hakuwa na haki ya kilele kile kuliko mpagazi wake. Tajiri wa leo, anayeweza kulipa maelfu ya dola kwa kibali cha Everest, hana dirisha la kulipia kibali cha Machapuchare. Katazo linalomfunga mkubwa na mdogo kwa kamba moja halina budi kupimwa kwa mizani nyingine.

Wengine huona kwamba si lazima kuuacha mlima mzima, yatosha kuacha kidogo. Mwaka 1955 George Band na Joe Brown walipofika juu ya Kangchenjunga, wa tatu kwa urefu duniani kwa mita 8,586, walisimama hatua chache chini ya ncha yake, kwa kuwa mtawala wa Sikkim alikuwa amepewa ahadi kwamba kilele hakitakanyagwa, na wengi waliokuja nyuma yao wakafuata desturi hiyo. Mimi naiheshimu, ijapokuwa moyoni nasikia kwamba yule aliyebakisha hatua chache amekula karamu yote akaacha punje ya wali kwenye sahani. Bhutan wamekwenda mbali zaidi, wakakataza tangu mwaka 1994 kupandwa kwa mlima wowote uliozidi mita 6,000, na tangu 2003 wakakataza kupanda milima kabisa.

Limebaki jambo ambalo watu wa 1957 hawakulifikiria. Kutoka Pokhara huruka ndege ndogo za watu wawili, rubani na abiria wake, ambazo humchukua mgeni juu ya ziwa na vijiji mpaka mbele ya uso wa Machapuchare, akautazama kwa karibu, akapiga picha, kisha akarudishwa kunywa chai yake. Hakukanyaga. Mwiko umeitaja miguu, haukuyataja macho, na mwanasheria akiulizwa atajibu kwamba hapana kosa. Nami nadhani amesema kweli, kwa sababu katazo hili tangu asili halikukusudiwa kuuficha mlima, ambao umesimama wazi mbele ya mji mzima na kila mchuuzi wa Baidam huutazama bure; lilikusudiwa kwamba asitokee mtu wa kusema ameumaliza. Basi abiria yule na aruke kwa amani. Illa nikimsikia jioni akijigamba kwa wenziwe kwamba amefika Machapuchare, nitamwambia kwamba Noyce na Cox walikuwa karibu kuliko yeye, tena kwa miguu yao, na hawakudai hivyo.